Habari Niliyoisafirisha Kimya Hadi Houston

Tangu nirudi mmeniuliza kila mmoja kwa zamu yake, wengine baada ya swala ya Ijumaa pale Richardson, wengine kwenye simu, na mmoja kaniwahi hata kwenye foleni ya kutia mafuta: yule Mfaransa wako yuko wapi, na wewe mbona umekonda? Nimechoka kujibu nusu nusu. Naandika yote mara moja, na atakayetaka kunilaumu anilaumu akiwa na habari kamili. Mambo ya vibali na vyumba vya kulala nayaruka, hayana maana. Nitawapitisha njia ile ile niliyopita mimi.

Irving, asubuhi

Kwa wasiomjua: Lucien Darvel alikuwa jirani yangu, mlango wa kwanza kulia ukishuka ngazi za jengo letu, hapa Irving, Texas, karibu na uwanja wa ndege ninakopakia mizigo. Tulijuana kwa sababu ya Kifaransa. Mimi ni mtoto wa Kigoma lakini sekondari nimesoma Bujumbura, na siku aliponisikia nikigombana kwa Kifaransa na mashine ya kufulia iliyogoma kufunguka, alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo ikawa chai kwangu, kahawa kwake.

Kazi yake ilikuwa mbio za magari. Si haya magari ya kawaida yaliyochorwa matangazo. Lake lilikuwa gari la kiti kimoja, magurudumu yako nje, dereva amelala ndani kama yuko kwenye beseni. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, na miguu yote miwili ilikuwa na vyuma vilivyozifanya mashine za ukaguzi zipige kelele kila alipopita. Na hapa mcheke kidogo, maana mbele hakuna kicheko: mtu huyu aliyeruhusiwa kwenda kilomita mia tatu kwa saa kwenye mbio, serikali ilikuwa imemnyang'anya leseni ya kawaida kwa kukimbia sana barabarani. Dukani alikuwa anakwenda kwa miguu. Simu ya mkononi hakuwa nayo pia. Alikuwa akimpa kila mtu namba yangu, na wala hakuwahi kuniomba.

Wiki ya safari yetu timu moja ilimwahidi gari kwa mbio za mitaani Houston, kwa kuwa dereva wao alivunjika kifundo cha mkono. Akifanya vizuri Jumapili, wangekaa naye msimu mzima unaofuata. Miezi kumi na minne alikuwa hajagusa gari la kiti kimoja. Aliniambia Jumatano, huku akikunja soksi: "Salumu, nisipopanda hili, nimekwisha. Hakuna atakayenipigia tena." Nikamwambia nitampeleka mwenyewe kwa gari langu, Alhamisi, na kwamba kwa mwendo wangu atafika salama. Akasema hilo la mwendo ndilo linalomtia hofu.

Alfajiri alitoka na begi, helmeti, na kitu kikubwa kimefungwa kwenye gunia jeusi. Nilidhani ni kochi. Kumbe ni kiti chake cha mbio. Madereva hawa wanatengenezewa kiti kwa kukaliwa kikiwa bado laini, kikishika kila mfupa wa mgongo na makalio, kisha kinaganda. Hakuna mwingine anayeweza kukikalia. Alikifunga mkanda kwenye siti ya nyuma vizuri kuliko alivyojifunga yeye.

Fort Worth, kumsubiri Mama Furaha

Sasa kosa langu la kwanza. Mama Furaha, Mkongomani wa Uvira anayefanya usafi hospitalini Fort Worth, alikuwa ameniomba lifti. Binti yake Furaha amejifungua Houston. Nikasema ni njia moja, ingawa si njia moja hata kidogo.

Tulifika kwake saa moja na nusu, akatuambia bado dakika tano. Dakika tano za Mama Furaha mnazijua. Sombe, kile kisamvu chao, ilikuwa bado motoni, ndagala, yaani dagaa, ndiyo kwanza wanakaangwa, na mzazi haendewi mikono mitupu. Lucien alikuwa anatembea tembea sebuleni akitazama saa. Mama Furaha akamkalisha kwa Kifaransa, akamwekea ugali na samaki, akasimama juu yake. Lucien akajitetea kwamba dereva wa mbio hatakiwi kuongeza uzito siku tatu kabla. Mama akamjibu kwamba hatakiwi pia kufa njaa nyumbani kwa watu. Akala. Akala na sahani ya pili, na akaomba afundishwe kuufinyanga ugali kwa vidole.

Tuliondoka saa tatu kasoro. Masufuria hayakuwa na pa kukaa, hivyo Mama Furaha, bila kumuuliza mtu, aliyapanga ndani ya kiti cha mbio. Yalikaa vizuri mno. Lucien aligeuka, akaona, akafumba macho, akageuka mbele tena. Nilimpenda sana kwa hilo.

Corsicana, simu ya kwanza

Njia ya kushuka kusini ni nyasi, ng'ombe na mabango ya makanisa. Mimi nashika maili hamsini na tano, malori yananipita yakinipigia honi, na Lucien kashika mshikio wa mlango. Mama Furaha alimwuliza ilikuwaje akaingia kazi ya hatari namna hii, na Lucien akaanza kusimulia.

Baba yake alikuwa na gereji katika mji mdogo wa Ufaransa, na nyuma ya gereji palikuwa na uwanja wa saruji. Alianza na vigari vidogo akiwa na miaka saba. Alipofika ishirini alikuwa bingwa wa daraja la vijana, na magazeti yakasema huyu atafika juu kabisa. Alifika, siku moja. Walimpa gari la daraja la juu alijaribu, mvua ikanyesha tangu asubuhi hadi jioni, na siku ya pili akapewa mwingine, jua likawaka. Baada ya hapo Japani misimu mitatu, kisha Amerika, kisha akagonga ule ukuta uliomvunja miguu. Alipopona akaendesha mbio za saa ishirini na nne, zile za madereva watatu kupokezana gari moja mchana na usiku. Walimaliza wa pili mwaka mmoja. Lakini hakuzipenda. Alisema gari la kushirikiana ni kama mswaki wa kushirikiana, na kwamba huko ndiko wazee wanakopelekwa wazoee kustaafu.

Mama Furaha alicheka mpaka machozi. Mimi nilimtupia Lucien jicho la pembeni na nikaona kwamba yeye hakuwa anatania.

Saa nne tukasimama Corsicana. Lucien aliingia dukani kununua kahawa, na simu yangu ikalia. Alikuwa meneja wa timu ya Houston. Sauti ya adabu, haraka kidogo. Alisema anasikitika, wamempa gari kijana wa Kibrazili aliyekuja na wadhamini wake, imeamuliwa jana, tafadhali mwambie Lucien asihangaike kuja. Nikasema nitamwambia. Akashukuru, akakata.

Nilibaki nimeshika simu. Mama Furaha akaniuliza kuna nini, nikamweleza. Wote wawili tukatazama kioo cha duka, ambako Lucien alikuwa anachagua kahawa tatu, moja, yenye maziwa mengi, ikiwa ya Mama Furaha.

"Baba Zuhura," akaniambia, kwa jina la mwanangu kama kawaida yake, "mutu iko mu safari, banamuambiaka habari ya mubaya? Acha afike kwanza, akule, apumuzike. Kiisha utamuambia polepole, na miye nitakuwa pale."

Sitaki mseme alinishawishi. Nilishaamua kabla hajafungua mdomo. Hivi ndivyo tulivyolelewa, ninyi na mimi. Nilipokuwa shule Bujumbura ilikuja simu ya maandishi: baba ni mgonjwa kidogo, njoo. Nilisafiri nimetulia, nikala embe njiani, nikacheka na watu. Nilipofika nyumbani walinipokea begi, wakaninywesha uji, wakanizunguka, ndipo mjomba akanishika bega na kuniambia kwamba baba tumemzika juzi. Miaka yote nimeihesabu ile kama huruma kubwa kuliko zote nilizofanyiwa. Sikuona sababu ya kumnyima Lucien kitu hicho hicho. Tungefika kwa Furaha, angekula sombe, angeshikwa bega.

Akarudi na kahawa. Akauliza nani alipiga. Nikasema mtu wa kazini.

Buffalo, mpira wa rejeta

Kuna Buffalo ndogo ya Texas, msiichanganye na ile ya kaskazini. Karibu na hapo saa tano na nusu mvuke ukaanza kutoka kwenye boneti. Mpira wa rejeta ulikuwa umepasuka. Lucien alishuka, akafungua, akachana kipande cha kitenge cha Mama Furaha kwa idhini yake, akaufunga ule mpira barabara kabisa. Tukajikokota hadi gereji.

Fundi wa pale, mzee mwenye kofia ya wachunga ng'ombe, alitutazama sisi watatu: mzungu mmoja, mwanamke wa Kiafrika mwenye masufuria, na mimi. Akamvulia Lucien kofia, akamwita mchungaji, akamwambia Mungu ambariki kwa kututoa vitani. Lucien akamwambia kwamba yeye ni dereva wa mbio. Mzee akafurahi, akauliza ni yale magari ya matangazo yanayozunguka uwanja? Alipoambiwa hapana, ni ya kiti kimoja, furaha ikamwisha, akasema mpira mpya utaletwa kutoka mji wa jirani, tusubiri.

Tulisubiri kwa muda wa saa nne nzima. Kulikuwa na meza ya mbao nje, na Mama Furaha akafungua sufuria moja. Lucien alikuwa na furaha ambayo sijawahi kumwona nayo. Alichukua mawe madogo akayapanga mezani kutuonyesha kona za Houston, hapa unafunga breki, hapa ukuta unakusogelea, hapa unaomba Mungu. Mimi kila jiwe alilolipanga lilinikaa kifuani. Mara mbili nilifungua mdomo. Mara mbili nikajiambia, bado, atafika kwanza.

Kama saa saba mchana simu ikalia tena. Mzee wa Kifaransa, akimtaka Lucien. Nikampa.

Lucien alisikiliza kwa muda mrefu. Kisha akafunika simu kwa kiganja, akatugeukia. Huyo mzee alikuwa na timu ya mbio za saa ishirini na nne. Dereva wake wa tatu amejitoa. Anamtaka Lucien kwa msimu mzima, Ulaya, majaribio yanaanza Jumapili hii hii, na tiketi ya ndege ingekuwa ya kesho. Houston na hilo haviwezekani pamoja. Na mzee anataka jibu sasa hivi, kabla hajalala, kwa sababu ana majina mengine mezani.

"Niambie, rafiki yangu," Lucien akasema. "Wewe ungefanyaje?"

Nikamtazama Mama Furaha. Alikuwa ameinamia sahani yake, anatenganisha mfupa wa samaki ambao hauna haja ya kutenganishwa. Ndugu zangu, nilijua. Nilijua kwamba huyu mtu anachagua kati ya kitu na hewa. Lakini nilijiona nikimwambia pale, kwenye meza ya gereji, mkono wake mmoja una ugali na mwingine una simu, mgeni anamsikiliza upande wa pili, na sikuweza. Aibu ikanishika, woga ukanishika, na malezi yangu yakanipa jina zuri la kuuita huo woga.

"Hilo ni lako mwenyewe kuamua," nikamwambia.

Akatabasamu. Akaondoa kiganja na kumwambia mzee asante, umenipa heshima, lakini nina gari Houston.

Houston, jioni

Mpango ulikuwa kwenda kwa Furaha kwanza. Nilishaupanga wote: maji ya kunawa, chakula, mtoto mchanga apakatwe, halafu mimi na Lucien kibarazani. Tuliingia mjini saa kumi na mbili, foleni ya kufa mtu, na Lucien akaanza kuona uzio wa saruji uliopangwa kando ya mitaa na majukwaa ya watazamaji. Akaniomba tupite kwenye timu kwanza. Nikasema chakula kitapoa. Akasema dakika kumi tu, wanatakiwa wafunge kiti leo ili kesho asubuhi aingie mazoezini. Nikasema mtoto atalala. Akanishika mkono ulio kwenye usukani, na kwa upole akasema, "Salumu, tafadhali."

Mama Furaha aliyaondoa masufuria ndani ya kiti cha mbio. Nilipoegesha, nikasema, "Lucien, ngoja, kuna jambo." Alikuwa ameshashuka, kiti begani, anachechemea haraka na vyuma vyake. Nikamfuata mbio.

Gari lilikuwa chini ya hema, zuri kwa kweli, jekundu. Ubavuni lilikuwa limeandikwa jina la kijana wa Kibrazili, na kijana mwenyewe alikuwa ndani yake, mafundi wanamrekebishia mikanda. Alimwona Lucien, akamwamkia kwa heshima kama unavyomwamkia mwalimu wako. Meneja akaja. Hakuwa mtu mbaya. Alitazama kile kiti, akashangaa kweli kweli.

"Lakini nilimwambia dereva wako," akasema. "Saa nne asubuhi. Akasema atakufikishia."

Lucien akanigeukia taratibu. Hakukasirika, na ningependa angekasirika.

"Saa nne," akasema. "Kabla ya Buffalo?"

"Kabla ya Buffalo."

Aliomba simu. Ufaransa ilikuwa usiku wa manane lakini yule mzee alipokea. Nilisikia sauti yake ikitoka ndogo ndogo. Nafasi alishampa Mbelgiji mmoja, saa moja tu baada ya kukataliwa. Alisema Lucien asijali, labda mwaka mwingine. Lucien akamwomba radhi kwa kumwamsha.

Nilijaribu kumweleza. Nilimweleza habari za baba, uji, na mjomba. Mama Furaha naye alikuja, analia, anasema kwa Kifaransa kwamba kosa ni lake. Lucien alitusikiliza wote hadi mwisho, kwa adabu.

"Mimi sikuwa na msiba, Salumu," akasema. "Nilikuwa na kazi mbili, na moja ilikuwa imekufa. Ulichotakiwa ni kuniambia ipi."

Kiti alikiacha pale pale, kimeegemea pipa la takataka. Nilipotaka kukichukua akatikisa kichwa. Kwa Furaha hakula. Alipewa mtoto, akampakata vizuri, akamrudisha.

Kurudi Irving

Ijumaa asubuhi tuliondoka wawili. Mazoezi yalikuwa yameanza, na mngurumo wa magari ulikuwa unagonga majengo na kurudi, hauishi, hata barabara kuu ilipotutoa mjini bado niliusikia. Sijui kama yeye aliusikia. Alilaza kichwa kwenye kioo maili zote zile. Nilikwenda hamsini na tano kwa mazoea, halafu nikaona aibu ya kumchelewesha tena, nikakanyaga mafuta hadi themanini kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Hata hakugeuka kutazama.

Mtu akikuumiza kwa ubaya unaweza kumchukia yakaisha. Mimi nilimuumiza kwa kumheshimu, na hilo halina pa kulishikia, si kwake wala kwangu. Nyumbani alisema asante kwa safari, akafunga mlango. Sikumsikia hata akiwasha televisheni.

Uwanja wa ndege

Jumamosi mchana aligonga. Alikuwa na begi na helmeti. Aliniomba nimpeleke kwenye ndege, ni dakika kumi tu kutoka kwetu, na mimi nikashukuru moyoni kwamba bado ananiomba kitu. Njiani aliniambia kwamba gereji ya baba yake siku hizi inabadilisha matairi ya matrekta na wanahitaji mtu. Alisema hivyo kama anavyosema mtu jina la mtaa anaoshukia.

Mbele ya milango ya abiria alitoa kikaratasi chenye namba. Ilikuwa ya mama yake. Alikuwa amewaalika majirani waje kesho watazame mbio, na alishaoka keki mbili. Hajui lolote.

"Mpigie sasa," akasema. "Mimi siwezi. Mwambie siko kwenye gari, na sina gari lingine. Mwambie yote kabla sijapanda ndege. Usisubiri nifike."

Nilipiga. Yeye akasimama hatua tatu kutoka kwangu, ameelekeza uso kwenye kioo cha mlango. Mama yake alipokea kwa furaha, alidhani mimi ni mtu wa timu. Nilisikia viti vinaburutwa sakafuni. Akaniuliza gari linakwendaje leo.

Nikamwambia. Hapo hapo, akiwa amesimama, bila uji, bila mtu wa kumshika bega. Nilisema sentensi tatu, na sauti yangu mwenyewe niliichukia.

Hakulia. Viti vikaacha kuburutwa. Kisha akaniuliza hizi habari mimi nilizijua lini.

Nikamwambia Alhamisi, saa nne asubuhi.